Prosesa ya 64, Mlango wa 32

Mwaka wa 2017 mdogo wangu alianza masomo ya kompyuta, na laptopu pekee iliyokuwa nyumbani kwetu Umoja, Nairobi, ilikuwa ya Mama. Kimashine kidogo: prosesa ya Intel Atom Z3735F, memori ya GB 2, na hifadhi ya GB 32 iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa mashine, haitoki wala haiongezwi. Kijana alihitaji Linux, mfumo endeshi tofauti na Windows. Mama naye alikuwa na hesabu zote za chama kwenye Windows: michango, mikopo, hadi faini za wanaochelewa mkutanoni. Alituambia wazi, "Fanyeni mnavyotaka, lakini hesabu za watu zisiguswe."

Kwa hiyo ilibidi mifumo miwili iishi humo ndani. Nilinakili hesabu zile kwenye flashi, kisha nikazima Fast Startup, mpangilio wa Windows kuwaka haraka, kwa sababu ikiachwa, Windows haizimiki kabisa. Hulala huku imeshikilia sehemu yake ya diski, na Linux ikija hukuta inaruhusiwa kusoma tu, si kuandika. Nikaipunguza sehemu ya Windows kupata nafasi. Secure Boot, ulinzi unaozuia mfumo usiotambuliwa kuwaka, nikaizima pia, maana Debian 9, aina ya Linux niliyoichagua, ilikuwa bado haijaanza kuikubali.

Nikachomeka flashi ya Debian ya biti 64, yaani iliyoundwa kwa prosesa inayoshika data ya biti 64 kwa mkupuo, nikawasha. Windows ikafunguka. Nikaingia BIOS, mipangilio ya kuwasha mashine, kupanga flashi itangulie, haikuorodheshwa hata. Flashi hiyohiyo kwenye kompyuta ya kazini ilikuwa ikiwaka bila shida.

Tulishuka mjini hadi Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Fundi aliigeuzageuza, akanirudishia. "Bosi, hii ilitengenezewa Windows tu. Uza, uongeze pesa, ununue ingine." Mdogo wangu aliniangalia. Pesa za kuongeza hazikuwepo, na mimi sikuamini kwamba prosesa ile ingekataa Linux bila sababu ya kueleweka.

Sababu ilikuwa mbele yetu muda wote. Usiku huo nilifungua ukurasa wa Windows unaoeleza mashine, nikasoma polepole: mfumo wa biti 32, prosesa ya x64, yaani ya biti 64. Kwa nini mtu aweke mfumo wa 32 juu ya prosesa ya 64? Kwa sababu UEFI yenyewe, ile programu ya kwanza kuamka unapobonyeza swichi, ilikuwa ya biti 32. Laptopu nyingi za bei nafuu za kizazi kile cha Atom zilitoka kiwandani hivyo. UEFI ya aina hiyo ikifika kwenye flashi hutafuta faili moja tu, bootia32.efi, ndani ya folda ya EFI/BOOT. Nikafungua folda hiyo kwenye flashi yangu. Mlikuwa na bootx64.efi, basi. Mashine ilikuwa ikibisha mlango usiokuwepo.

Debian walikuwa wameshalifikiria jambo hili tangu toleo la 8, mwaka wa 2015: walitoa nakala yenye biti 32 na 64 pamoja, inayoamshwa na UEFI ya 32 halafu ikasakinisha mfumo wa 64. Watu waliokaa chini wakashughulikia vimashine ambavyo waliovitengeneza walishavisahau, nawaheshimu mpaka leo. Nilipakua nakala hiyo kwa bando la usiku, nikaiweka kwenye flashi. Menyu ya Debian ilipotokea nilipiga ukelele, Mama akatoka chumbani akidhani kuna mwizi.

Usakinishaji wenyewe haukuwa na maneno, ila Wi-Fi haikuonekana, nikaunganisha simu kwa waya wa USB ili tupate intaneti. Diski ilijiita mmcblk0, jina la hifadhi ya kuchomelewa, si sda kama diski za kawaida. Mwishowe Grub, menyu ya kuchagua mfumo wa kuwasha, ikaleta mistari miwili, Debian na Windows.

Halafu ikaanza kuganda. Kijana anaandika msimbo wa programu yake, kishale kinasimama, kibodi kimya, mpaka ashikilie swichi kuizima. Hapo ndipo nilipoumia hasa, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kuipenda. Chanzo kilikuwa prosesa kuingia usingizi mzito kila inapokosa kazi na kushindwa kuamka, tatizo lililojulikana la Atom hizo chini ya Linux. Kwenye faili ya /etc/default/grub niliongeza intel_idle.max_cstate=1, agizo linaloizuia prosesa kuingia usingizi huo, nikaendesha update-grub ili lianze kutumika. Betri ikawa inaisha upesi zaidi, lakini kuganda kukakoma.

Mama alikuwa wa mwisho kulalamika. Alinipigia simu nikiwa kazini: "Hesabu ziko sawa, lakini saa ya kompyuta iko nyuma masaa matatu." Linux ilikuwa imeandika saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Nairobi kwa masaa matatu, kwenye ubao, Windows ikaisoma kama saa ya Nairobi. Nilimwelekeza kijana kwa simu aingie Linux aiambie itumie saa ya Nairobi kwenye ubao: timedatectl set-local-rtc 1, halafu uwashe upya. Mama akachukua simu. "Sasa iko sawa. Na hiyo Linux yenu, inaweza kufungua hesabu za chama?"