Mbavu kwanza, kisha mgongo

Kaka alianguka na bodaboda barabara ya Morogoro. Mbavu nne zilivunjika, kila moja mahali pawili, na pingili moja ya mgongo ikapasuka. Akivuta pumzi, upande ule wa kifua ulibonyea badala ya kuinuka. Niliogopa mno.

Daktari alinieleza kwamba mbavu na mfupa wa kidari huushikilia uti wa mgongo. Vikivunjika pamoja na uti huo, mgongo hulegea zaidi. Tena upasuaji wa mgongo humlaza mgonjwa kifudifudi, uzito ukielemea kifua kilekile! Wakaweka mrija kifuani wa kutoa damu na hewa, wakaunga mbavu kwa vyuma bapa, ndipo wakakaza mgongo kwa skrubu.

Ndugu zangu mnaouguza, dawa ya maumivu isicheleweshwe: maumivu humzuia mgonjwa kukohoa, na asiyeweza kukohoa hupata nimonia upesi.