Merikebu ya milingoti minne na shayiri iliyohama

Jumapili nisipokuwa na zamu huvuka kwa kivuko kutoka Travemünde, bandari ya mji wa Lübeck huku Ujerumani, hadi ng'ambo ya Priwall, dakika chache tu, kwenda kuitazama Passat. Milingoti minne, mwili wa chuma wa mita 115, imefungwa hapo tangu 1960. Siku ya kwanza nilimwonyesha mama kwa video.

"Sasa hiyo yaenda wapi?"

"Haiendi popote, mama. Watu hufungia ndoa humo."

Akacheka sana. Mama ni binti wa baharia wa Lamu, na chombo kisichosafiri kwake ni kuni tu.

Passat kwa Kijerumani ni jina la upepo, ule unaovuma upande mmoja bila kuchoka huko bahari kuu, jamaa ya kusi yetu. Merikebu iliundwa Hamburg mwaka 1911 na Blohm & Voss kwa kampuni ya F. Laeisz, iliyokuwa na desturi ya kuzipa meli zake majina yanayoanza na P. Ilikwenda Chile kuchukua shura, ya mbolea na baruti, na katika umri wake imepita Cape Horn, rasi ya kusini kabisa ya Amerika, mara 39. Mwaka 1932 ikanunuliwa na Gustaf Erikson wa visiwa vya Åland, Finland, ikawa inabeba ngano ya Australia.

Baada ya vita, Passat na mwenziwe Pamir wa 1905 ziliuzwa Ubelgiji zikatwe vyuma chakavu. Mwaka 1951 Mjerumani mmoja mwenye meli, Heinz Schliewen, akazikomboa, akazitia injini na kuzifanya chuo. Wajerumani wa siku zile waliamini kwamba ofisa wa meli ya mizigo hajaiva mpaka apande foromali, mti unaobeba tanga, na kukunja tanga kwa mikono yake, hata kama maisha yake yote ataendesha meli ya mashine. Lakini chuo kilipaswa kujilipia, basi wanagenzi walisafiri na shehena: shayiri kutoka Argentina.

Hapo ndipo nami hukaza macho, maana shehena ndiyo kazi yangu. Nafunga matrela kwa minyororo ndani ya feri za Sweden na Finland. Majira ya baridi ya kwanza, vidole vimekufa ganzi, niliacha mnyororo mmoja bila kuukaza. Msimamizi hakugomba. Aliutikisa tu kwa buti, ukalia kwenye chuma, kisha akaniangalia mpaka nikapiga magoti tena.

Agosti 1957 Pamir iliondoka Buenos Aires na zaidi ya tani 3,700 za shayiri. Sehemu kubwa ilimwagwa wazi ngamani, tumboni mwa merikebu, magunia yakapangwa juu tu. Makuli wa bandari walikuwa wamegoma, hivyo kuisawazisha kukawaangukia mabaharia wenyewe, wasioizoea kazi hiyo. Hata tangi la kujazwa maji kuinyoosha merikebu ikilala, lilitiwa shayiri. Tarehe 21 Septemba, kusini-magharibi ya visiwa vya Azores katika Atlantiki, kimbunga Carrie kikaikuta. Nafaka ikahamia upande mmoja, merikebu ikalala, haikuinuka. Walikuwa watu 86, wengi wao vijana wanagenzi. Waliookolewa ni sita.

Wiki chache baadaye Passat nayo, na shayiri ileile ya Argentina, ikapigwa na dhoruba. Shehena ikahama vilevile. Ikajikokota imelala ubavu hadi Lisbon, ikapakuliwa, ikarudi nyumbani, na safari zake zikaisha. Lübeck ikainunua mwaka 1959.

Mashua moja ya uokoaji ya Pamir imewekwa katika kanisa la St. Jakobi, mjini Lübeck. Niliingia siku moja kukwepa mvua nikaikuta humo, ndogo kuliko nilivyodhania, kama mashua ya kuvukia Shela. Mtu ameacha mshumaa. Sikupiga picha.

Jioni nikampigia mama, nikamhadithia yote: kimbunga, vijana, watu sita. Nilidhani ataniuliza juu ya upepo, au matanga mangapi yalikuwa juu. Akanyamaza kidogo. Babu alikuwa akipeleka boriti Uarabuni, na mama utotoni alimwona akishinda siku nzima forodhani akipanga na kupangua.

"Na ni nani aliyepakia?" akauliza.