Hisa 600 za mzee

"Mwanangu, nilikuwa na hisa 12,000, leo nasoma 600. Nyingine kachukua nani?" Mzee aliuliza kabla hajaketi, taarifa ya akaunti mkononi.

Hakuna aliyechukua. Kampuni ilikuwa imeunganisha hisa zake, kila 20 zikawa 1. Iliorodheshwa Nasdaq, soko la hisa la Marekani, ambako hisa ikikaa chini ya dola 1 kwa siku 30 za kazi mfululizo, kampuni huandikiwa barua ya onyo na, wakati ule, ilipewa kwa kawaida siku 180 ijirekebishe. Kuunganisha ni njia ya mkato: bei ya senti 40 inasomeka dola 8, mali ya mwenye hisa haiongezeki hata chembe.

Tukapiga hesabu. Alianza na hisa 4,000 kwa dola 3. Bei iliposhuka hadi senti 90 akaongeza 8,000 ili kushusha wastani wa bei aliyonunulia. Jumla dola 19,200, yaani dola 1.60 kwa hisa. Baada ya kuunganishwa, wastani ukawa dola 32. Siku ile bei ya soko ilikuwa dola 2.40.

"Nitauza ikirudi 32."

Wamarekani huwaita watu wa namna hii bagholders, walioachiwa gunia wenzao wakishatoka. Ni kejeli, wala haisaidii kitu. Watafiti wa masuala ya fedha, Shefrin na Statman, walishaieleza tabia hiyo mwaka 1985: mtu huuza upesi kinachopanda, hung'ang'ania kinachoshuka.

Nikamwonyesha ukurasa ambao wengi huuruka, wa idadi ya hisa zilizotolewa. Kabla ya kuunganishwa zilikuwa milioni 100, baadaye milioni 5. Kisha kampuni, kwa kukosa fedha, ikauza mpya milioni 10. Hapo ndipo penye kisu. Wastani wake wa dola 1.60 uliipa kampuni thamani ya dola milioni 160. Kwa hisa milioni 15, bei ya dola 32 inadai milioni 480. Kwa hiyo ili mzee arudishe fedha yake, kampuni ile inayokopa ili ilipe mishahara ilipaswa kuwa na thamani mara tatu ya ile aliyoinunulia. Alinyamaza, akaomba kikokotoo, akarudia mwenyewe.

Kuuza nako kulikuwa na mtego. Mnunuzi wa juu kabisa alitaka hisa 40 tu kwa dola 2.31, aliyefuata yuko 2.05. Oda ya kuuza kwa bei yoyote ingeteremka ngazi zote hizo kwa mkupuo. Tukaweka oda ya bei maalumu, dola 2.30, hisa 100 kwa 100, tukisubiri wanunuzi wajae tena.

Zilitoka 400. Mia mbili alikataa kuuza, "za bahati", akasema, na zilikuwa zake. Kampuni ilipofilisika walilipwa kwanza wadai wenye dhamana, nao hawakulipwa kikamilifu. Wadai wasio na dhamana waliambulia kidogo, na hisa za kawaida, zilizo mwisho wa foleni, zikafutwa zote.