Homa ya Wiki ya Tatu

Mwaka 2008 kaka yangu alianzishiwa dawa za kifua kikuu akiwa hajiwezi, na wiki chache baadaye, kikohozi kilipotulia na hamu ya chakula kurudi, kliniki ilimwongezea dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa kuwa CD4 zake, yaani chembe za kinga zinazohesabiwa kwenye damu, zilikuwa 31 tu. Niliishi naye Tandika, na mimi ndiye niliyemhesabia vidonge kila usiku.

Wiki ya tatu ya dawa hizo mpya, homa ilirudi. Shuka lililowa jasho, tezi za shingoni zikavimba hadi kola ya shati ikambana, na pumzi ikawa fupi kiasi kwamba alilala ameketi, ameegemea ukuta. Jirani aliyetupenda kwa dhati alituambia kuwa dawa zile ndizo zinazommaliza. Usiku ule sikumpa kidonge chake, na sikumwambia mtu.

Alfajiri tulikodi teksi hadi hospitali. Baada ya kupima makohozi na kupiga picha ya kifua, daktari, mama wa makamo, aliuliza kama kuna dozi iliyokosekana. Nikajibu, mbele ya kaka, kwamba ya jana niliizuia mimi.

"Usirudie, mwanangu," alisema, akiielekeza picha dirishani ili nione maji yaliyojaa upande wa kulia. "Kabla ya dawa, mwili wake haukuwa na nguvu hata ya kuvimba. Sasa kinga imeamka, inavishambulia vimelea vya kifua kikuu vilivyomo, hata vilivyokwisha kufa, na mapafu ndiyo uwanja wa vita hivyo."

Alieleza kwamba hali hiyo huwapata hasa walioanza dawa CD4 zikiwa chini sana, mara nyingi katika miezi 3 ya kwanza, na kwamba kabla ya kusema ni kinga inayoamka lazima ahakikishe hakuna maambukizi mengine wala usugu wa dawa. Hadi leo naamini maneno hayo tulistahili kuyasikia siku tulipokabidhiwa vidonge, kwa sababu mgonjwa anayezidiwa bila kujua kwamba kinga yake inarudi ataitupa dawa inayomponya.

Walimtoa maji kwa sindano, wakampa prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, na dawa zote nyingine zikaendelea. Siku ya nne alilala chali. Jioni hiyo, nilipochelewa kufika wodini, nilimkuta ameshika kikombe cha maji, akinisubiri nimhesabie.