Nyuki nao hupewa taarifa ya msiba

Jumamosi jioni, Novemba

Leo nimekwenda kutoa taarifa ya msiba kwa nyuki. Naandika upesi kabla sijaanza kudhani niliota.

Jirani yangu hapa Northampton, Uingereza, bibi wa miaka 80 na ushee, alifiwa na mumewe Jumatano. Mzee alikuwa na mizinga mitatu nyuma ya nyumba. Asubuhi nimempelekea bibi chai ya tangawizi na vitumbua, akaniomba nimshike mkono hadi bustanini, maana nyasi zilikuwa na utelezi. Alikuwa na ufunguo wa nyumba na utepe mweusi.

Mambo mengi ya Waingereza nimeshayazoea. Bibi huyuhuyu alinifokea siku niliyoweka viatu vipya juu ya meza, ati naita kifo. Sikubisha, mimi nikikuta kandambili imepinduka, soli inatazama mbinguni, sipiti bila kuigeuza. Isitoshe huu ni mji wa washona viatu, na makumbusho ya hapa yana rejista ya viatu vya zamani vilivyokutwa vimefichwa kwenye kuta na dohani ili mabaya yasiingie ndani. Bibi akimwona magpie mmoja, yule ndege mweusi kwa mweupe wa ukoo wa kunguru, humwamkia na kumwulizia mkewe, kwa kuwa mmoja ni huzuni, wawili ni furaha. Paka mweusi akikatiza mbele yake, anafurahi! Hilo mpaka leo halijaniingia.

La nyuki nililisikia mara ya kwanza mwaka 2022, Malkia Elizabeth alipofariki. Mfuga nyuki wa kifalme aliifunga mizinga utepe mweusi, akagonga, akawaambia nyuki kwa sauti ya chini kwamba bibi yao amefariki na bwana mpya atawatunza. Nilicheka, nikaituma kwenye grupu la ukoo.

Leo sikucheka. Bibi aligonga kila mzinga kwa ule ufunguo, polepole, akalitaja jina la mumewe, akasema amekufa, na kwamba yeye ndiye atakayewaangalia sasa. Nikamwuliza, wasipoambiwa? Akasema huhama, au huacha kutengeneza asali, au hufa.

Hapo nikaelewa bila mkalimani. Wanasusa! Baba yangu alipozikwa Tanga, katika zile pirikapirika tulisahau kumpigia simu binamu yake mmoja wa Pangani. Huu mwaka wa tisa: harusi haji, Idi haji, na ukimsalimia anakuitikia huku anatazama pembeni. Sasa nyuki waliokaa na mzee miaka yote hiyo, akiwalisha maji ya sukari kwa mkono wake kila baridi ikikaribia, wasikie msiba kwa nani? Wanaoita haya ushirikina sidhani kama wamewahi kusahau jina kwenye orodha ya kupigiwa simu.

Utepe ulipokwisha kufungwa, bibi aliinama akatega sikio kwenye ubao. Wakivuma, alisema, wamekubali kubaki. Akanivuta nami nisikilize. Mwanzo sikusikia kitu, ila baridi ya mbao shavuni. Halafu kwa mbali, kama redio ya nyumba ya pili.

Akaniambia nami niseme neno. Nikasema lililonijia: poleni.

Tuliporudi ndani chai ilikuwa imepoa. Nikaipasha tena.