Siku ya sita baharini, kutoka Mahé, Ushelisheli, kurudi Lamu

Saa tisa usiku

Naguswa bega mara mbili, naamka. Tuko watu watatu na zamu zetu ni za saa tatu tatu: kapteni, ambaye ni mzee wa Kifaransa mwenye yoti hii; mkewe, ambaye mimi humwita Mama; na mimi, kijana wa Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu. Kabla sijatia mguu nje nafunga mshipi wa usalama na kuunasa kwenye utepe uliolazwa sitahani kutoka tezi, nyuma ya chombo, hadi omo, mbele yake. Nikishausikia umelia "tak" ndipo napanda. Mtu akianguka usiku katika kusi la Julai, upepo wa kusini, wimbi moja tu latosha kumficha.

Kapteni hana maneno mengi. Upepo uleule, hakuna meli, zimebaki maili mia na thelathini, chai imo kwenye chupa. Anashuka kulala.

Kusi latupiga nyuma ya bega la kushoto. Tanga kubwa limepunguzwa mara mbili na bado tunakwenda maili sita kwa saa. Mwezi ni mchanga, umetua mapema, giza ni zito, na povu linaloachwa na usukani linametameta nyuma yetu kama makaa ya kijani. Mashariki nyota za Kilimia zimeshapanda.

Kazi ya zamu ni kuangalia. Kila dakika kumi nasimama, nazungusha macho upeo mzima polepole, kisha ndiyo natazama skrini inayoonyesha meli. Meli ya makontena ikichomoza taa zake sasa hivi, baada ya robo saa au dakika ishirini inaweza kuwa juu yako, na huko juu huenda hakuna aliyekuona. Wavuvi nao wengi hawamo kwenye skrini kabisa. Ndiyo maana siamini skrini peke yake.

Alfajiri naswali palepale karibu na usukani, nimekaa. Saa kumi na mbili namwamsha Mama, nalala kama jiwe.

Saa tatu asubuhi

Kitu cha kwanza ni kuokota samaki waitwao panzi wa bahari walioruka usiku wakaangukia sitahani. Leo ni wawili, wamekauka, nawarudisha majini. Halafu nakizunguka chombo chote kwa mikono, maana kamba huwezi kuikagua kwa macho tu.

Na leo mkono umekuta kitu. Demani, kamba ya kuongozea tanga la mbele, pale inapopita kwenye kapi, ganda lake la nje limechanika kiasi cha vidole vitatu na nyuzi nyeupe za ndani zimechomoza kama ndevu za mzee. Siku sita upepo uko upande mmoja, tanga halijageuzwa, na kamba imesuguliwa mahali palepale mchana na usiku. Nilipaswa kuilegeza shubiri moja kila asubuhi ili isilike sehemu moja. Siku mbili za mwisho sikufanya hivyo, na kosa ni langu. Tunalikunja tanga la mbele, nakata kipande kilicholika, nafunga upya, navuta kwa uzito wangu wote hadi niridhike. Kazi ya nusu saa. Ingekatika usiku, tanga lingepigapiga mpaka lichanike, na mtu angelazimika kwenda omo gizani kulidhibiti.

Saa tano

Ndizi tulizonunua sokoni Victoria zimeiva zote siku moja, kwa hiyo asubuhi tumekula ndizi na mchana tunakula ndizi. Nashukuru kuna jodari wa jana. Nampika na tui la nazi na wali. Jiko limening'inizwa: chombo kikilala, lenyewe linabaki sawa, na sufuria imebanwa kwa vyuma. Anayeyumba ni mpishi. Nimejifunza kuegemea kwa kiuno na kuacha mikono yote miwili huru, na chai siimimini mpaka wimbi limeshapita chini yetu.

Saa sita mchana

Zamu yangu tena, jua kali, hakuna cha kusimulia. Nikimaliza natawadha kwa maji ya bahari, naswali adhuhuri na alasiri pamoja kama msafiri. Tunaelekea magharibi, kwa hiyo kibla kiko mkono wa kulia, na huko ndiko chombo kilikolalia. Kusujudu ni mteremko, kuinuka ni mlima.

Saa kumi jioni

Sasa mkondo umetushika. Pwani yetu majira ya kusi maji hukimbia kuelekea kaskazini, na yanaweza kufika maili nne kwa saa. Anayeelekeza omo Lamu moja kwa moja atajikuta amepitishwa Kiunga hadi upande wa Somalia, na kurudi ni kupiga bisho, kwenda mshazari huku na huku, dhidi ya upepo na maji pamoja. Kwa hiyo tumeelekeza omo chini kabisa, kuelekea Malindi. Dira yasema twaenda Malindi, skrini yasema twaenda Lamu, na zote mbili zasema kweli. Haya niliyajua kwenye jahazi la mjomba kabla sijaona skrini yoyote.

Saa kumi na mbili jioni

Kapteni amepiga hesabu: tukiendelea hivi tutafika mlangoni pa kuingilia Lamu saa saba usiku. Anataka tuingie, ramani yake ya skrini ina kila kitu.

"Bwana Kapteni," namwambia, "saa saba maji yatakuwa yanamalizia kutoka. Yakikutana na wimbi la kusi pale kati ya Shela na Ras Kitau, mlango wote unachemka. Skrini haitakuonyesha hilo. Tungoje maji ya asubuhi."

Ananyamaza muda mrefu. Ni chombo chake, na amekaa baharini miaka mingi kuliko umri wangu. Lakini ule mlango nimeuona ukigeuza mashua ya watu waliozaliwa pale, na siwezi kunyamaza kwa heshima. Mwishowe anainuka, anashika kamba mwenyewe. Tunapunguza tanga mara ya tatu, tunalikunja la mbele libaki kitambaa kidogo tu, na kugeuza omo kusini zaidi ili mkondo usitukokote.

Saa tatu usiku

Mwezi wa siku nne unatua mbele yetu, upande wa nyumbani. Harufu ya nchi kavu hakuna, kusi latoka baharini. Kinachofika kwanza ni mtandao. Karibu saa sita simu inatetemeka mfukoni, ujumbe mmoja kutoka kwa mama yangu: "Mjomba wako yuwasema msingie na mai yakitoka. Mkate wa mofa nitakupikia ukishafika." Nataka kujibu, mtandao unakatika.

Nashuka, namgusa Mama bega mara mbili.

"Upepo uleule," namwambia. "Taa moja ya wavuvi kulia, zimebaki maili ishirini. Ukiona tunasogea kaskazini hata kidogo, niamshe."