Makadirio ya tabianchi na ukubwa wa kalavati Mwanza

Ukishapakua faili la makadirio ya mvua, kishawishi cha kwanza ni kuchukua milimita zilizomo na kuziingiza moja kwa moja kwenye hesabu ya kalavati. Kwa Mwanza usifanye hivyo. Modeli nyingi za tabianchi za dunia, zinazotoa makadirio hayo, hugawa nchi katika visanduku vya takribani kilomita 100 kwa 100, na kwa kipimo hicho Ziwa Victoria lote ni visanduku vichache tu. Ilhali ziwa ndilo linalotupikia mvua: usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote, hukutana juu ya maji yenye joto na kuinua mawingu ya radi. Modeli isiyoliona ziwa vizuri haiwezi kukupa mvua ya mitaa yetu kama Kirumba au Mabatini.

Kinachotumika ni uwiano wa mabadiliko. Anza na takwimu za kituo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), angalau miaka 30: kwa kila mwaka chukua mvua kubwa kuliko zote ya siku moja, ziweke kwenye mgawanyo wa Gumbel, yaani hesabu ya takwimu ya kukadiria matukio makubwa, upate mvua ya marejeo ya miaka 25, yaani ile ambayo mwaka wowote ina uwezekano wa asilimia 4 kufikiwa au kupitwa. Halafu fanya hesabu hiyohiyo ndani ya kila modeli, kwa 1985–2014 na kwa 2041–2070, ugawanye ya pili kwa ya kwanza. Jibu ndilo unalozidisha na mvua ya kituo. Modeli moja haitoshi. Tafuta kumi au zaidi. Mimi ningetumia uwiano wa katikati kwa mtaro wa mtaani, na wa juu kabisa kwa barabara ambayo ikikatika mji unasimama. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo uwiano wa 1.2 si wa ajabu. Ukipata 2.0, kagua faili kwanza.

Mvua ya siku nzima haitoshi kwenye milima yetu ya mawe. Korongo la mita 1,500 lenye mteremko wa asilimia 8, kwa fomula ya Kirpich, hushusha maji kwa dakika 14 tu. Unahitaji ukali wa mvua ya robo saa.

Chukulia hekta 8 zenye nyumba zilizobanana, mgawo wa mtiririko 0.7 (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini), mvua ya milimita 100 kwa saa: 0.7 × 100 × 8 ÷ 360 ni mita za ujazo 1.56 kwa sekunde. Ongeza asilimia 20, yaani ule uwiano wa 1.2, inakuwa 1.87. Bomba la zege la kipenyo cha milimita 900 kwenye mteremko wa asilimia 1 hupitisha 1.8, limezidiwa kidogo. La 1,000 hupitisha 2.4. Milimita 100 za kipenyo zimebeba tabianchi yote na chenji imebaki.

Sasa lijaze mchanga nusu. Hilo la 1,000 linabaki na 0.86, halitoshi hata kwa mvua ya leo! Eneo la kupita limepungua nusu na msuguano umeongezeka. Mchanga hutua pale mteremko unapolegea, chini ya mlima, na ndipo makalavati mengi yalipo. Kwa hiyo weka kalavati la boksi la mita 1.2 kwa 1.2, mtu aingie na koleo, na chemba ya kunasa mchanga upande wa juu, gari la kuzoa liweze kuifikia.

Mdomo wa mtaro unaomwaga ziwani una hesabu yake. Mei 2020 kipimo cha kina cha ziwa kilichoko Entebbe, Uganda, kilifika mita 13.42 na kuvuka 13.41 ya 1964. Mwaka 2024 ziwa likapanda zaidi. Mtaro uliowekwa kwa kufuata maji ya kiangazi huzama, na maji hurudi mtaani. Hapa modeli husaidia kidogo: takribani asilimia 80 ya maji ya ziwa ni mvua inayoanguka juu yake, mengi hurudi hewani, na yanayotoka hupimwa Jinja, Uganda, Mto Nile unapoanzia ziwani. Kosa dogo kwenye mvua au mvukizo huwa kubwa kwenye kina. Ningeanza na kiwango cha 2024, niongeze nusu mita, kisha nipige hesabu ya mtaro kutoka mdomoni kupanda juu. Namba za Entebbe si mita juu ya usawa wa bahari. Waulize wenyeji wa ufukweni maji yalifika wapi, mpimaji apige leveli kutoka hapo hadi kwenye bikoni, alama ya upimaji yenye kimo kinachojulikana.